Chai Juu ya Barafu

Wahenga waliotuachia methali isemayo njia ya mwongo ni fupi walikuwa na maana kwamba uongo haufiki mbali. Hata ukiuvisha suti na tai, utakaa chini kabla ya jioni. Theluji hawakuitaja, maana hawakuiona. Firmin naye hakuwa ameiona, na hapo ndipo taabu yake ilipoanzia.

Firmin alikuwa mlinzi wa usiku katika jengo la wapangaji huko Braamfontein, Johannesburg. Alizaliwa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, mahali ambapo ardhi imelala kama mkeka, na kilima pekee alichokijua utotoni kilikuwa lundo la mabaki ya mgodi wa shaba. Kwa miaka mingi alilala mchana katika chumba chao cha Turffontein. Mkewe Denise, msusi, alitoka asubuhi yeye akirudi. Walipishana mlangoni kama zamu mbili za kiwanda kimoja. Binti yao Murielle aliwahi kuichora familia yake shuleni: mama amesimama, mtoto amesimama, baba yuko chini ya blanketi. Firmin alicheka mpaka akatoa machozi. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Asubuhi za baridi, kazi yake ya mwisho kabla ya kutoka zamu ilikuwa kumwaga maji ya vuguvugu kwenye vioo vya magari ya wapangaji, umande ulioganda uyeyuke. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yake yote ya barafu.

Asubuhi moja ya Julai 2016, alikuwa akimwagia maji gari la Apondi, mama wa Kikenya wa ghorofa ya tatu, mwenye kampuni ndogo ya kuwatembeza watu milimani wikendi.

"Papa Firmin, mikono mitupu hivyo! Wewe husikii baridi?"

"Mama, sisi ni batu ya milima," Firmin akatania. "Baridi iko ndugu yetu."

"Milima gani?"

Hapo angeweza kucheka, akasema natania tu. Lakini macho ya Apondi yalikuwa yamewaka kama taa za robot, zile za kuongozea magari. "Kiongozi wangu amehamia Cape Town, na Jumamosi nina wateja wa kupanda kilima kimoja upande wa Harrismith. Theluji imeanguka kule. Umewahi kutembea kwenye theluji?"

"Ruwenzori, mama. Tangu mutoto. Theluji mpaka hapa." Akaonyesha goti. Akaona goti ni dogo, akaupandisha mkono hadi kiunoni.

"Basi ukiwatembeza hawa vizuri, kazi ni yako. Kazi ya mchana, Papa Firmin."

Kazi ya mchana! Maneno hayo yalimwingia kama uji wa moto tumboni mwa mwenye njaa. Alijiona analala usiku kama watu, anaamka na mkewe, anamsindikiza Murielle shuleni. Akayabeba maneno hayo hadi Turffontein.

Denise alimsikiliza akiwa na kitana mkononi. "Papa Murielle, Ruwenzori uliiona wapi?"

"Kwenye kalenda ya parokia."

"Na ile kalenda ilikuonyesha njia ya kushuka?"

Denise alitikisa kichwa, akavua mtandio wake wa sufu na kumzungushia shingoni. "Nenda basi. Lakini ukifika mahali hujui, sema hujui. Mdomo huo huo uliokupandisha utakushusha."

Jumamosi alitoka zamu moja kwa moja, akaingia garini na macho mekundu kama pilipili mbivu. Wateja walikuwa wawili: Ogutu, mtu wa benki ambaye mdomo wake haukujua likizo, na Jelimo, mhadhiri wa chuo kikuu, mpole wa maneno machache. Firmin alisinzia njia nzima. Ogutu akasema, "Mwacheni mtaalamu, anakusanya nguvu."

Walipanda kwa upande wa jua. Theluji ilikuwa nyepesi, imetapakaa juu ya nyasi kavu kama unga uliomwagika kutoka kwenye chekeche, na kila mguu ulishika vizuri. Firmin alitangulia na buti zake za ulinzi zilizolika soli. Mgongo ulimuuma, na usingizi ulimvuta kope kama mtoto anayevuta kanga ya mama yake. Alinyamaza, na ukimya wake wakauona ni hekima.

"Mtaalamu," Ogutu akauliza huku akihema, "hii theluji ni ya aina gani?"

Firmin akaitazama kwa makini. "Hii iko ya kike."

"Na ya kiume ikoje?" akauliza Jelimo.

"Ukiiona utaijua."

Kileleni walikula mkate wao wamekunja migongo, upepo ukiwakata masikio. Firmin alilitazama jua, akakumbuka zamu yake ya jioni. Njia waliyopandia ilizunguka sana, na miguu yake ilikuwa mizito kama mifuko ya saruji. Upande wa pili aliona njia nyingine, nyembamba, ikishuka wima kivulini hadi karibu na gari.

"Tunashuka huku," akasema. "Kule kwetu tunashukaga upande wa kivuli. Theluji inakuwa imara."

Apondi aliiangalia ile njia, akasita. Lakini nani atabishana na Ruwenzori?

Nusu ya mteremko walifika mahali ambapo kijito kilikuwa kimevuka njia na kuganda. Juu kulikuwa na vumbi la theluji; chini yake, barafu tupu. Upande wa kushoto kulikuwa na ukuta wa mwamba, upande wa kulia nyasi chache za mafungu, kisha bonde la mawe. Ogutu aliweka mguu, akajikuta amekaa. Akajaribu kurudi juu, akakaa tena.

"Jamani," akasema kutoka chini, "nadhani nimekutana na ya kiume."

Wote walimgeukia Firmin. Akatafuta kichwani kitu chochote anachokijua kuhusu barafu, akakuta vioo vya magari.

"Musiogope. Barafu inaogopa moto." Akatoa begini chupa yake ya chai ya moto, akaifungua na kuimwaga yote njiani.

Mvuke ulipanda, ukanukia tangawizi. Ile theluji kidogo iliyokuwa ikishika viatu ikayeyuka, na barafu ikabaki wazi, imelowa, inang'aa kama kioo cha gari kilichooshwa. Apondi, kwa imani yake yote kwa mtaalamu, akatangulia kukanyaga.

Hakupata hata nafasi ya kupiga kelele. Alianguka, akateleza kuelekea bondeni, akagonga mwamba kwa mkono, na fungu moja la nyasi likamzuia. Firmin alilala kifudifudi, akamfikia kwa kutambaa, akamshika begi. Kifundo cha mkono wa Apondi kilikuwa kimeshaanza kuumuka kama andazi.

"Papa Firmin," akasema, meno yamebanana kwa maumivu, "kule Ruwenzori, mahali kama hapa huwa mnafanyaje?"

Jibu jingine lilikuwa tayari mdomoni. Angeweza kuonyesha kushoto, angeweza kuonyesha kulia, nao wangemfuata. Akaliangalia bonde. Akamwangalia Jelimo anavyotetemeka. Kazi ya mchana ilikuwa pale pale, imelala naye juu ya barafu, na aliiona ikiteleza.

"Mama, sijui," akasema. "Ruwenzori sijafika. Mimi ni mtu wa Lubumbashi. Theluji nimeiona leo asubuhi pamoja na ninyi."

"Wueh!" Ogutu akasema. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake: "Mimi niliziona hizo nyasi tangu juu. Nikasema moyoni tungekanyaga hizo. Nikanyamaza, si mtaalamu yupo?"

"Na mimi nilitaka tushuke kwa jua," akasema Jelimo. "Nikaona aibu kumfundisha mwenye mlima."

Basi wakashuka kwa nyasi, fungu kwa fungu, wamekaa matako chini, mmoja amemshika mwenzake mkanda. Firmin alikuwa wa mwisho, amebeba mabegi yote na kumshikilia Apondi, ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa kwa mtandio wa Denise. Hakuna aliyetania. Walipofika garini suruali zilikuwa zimelowa, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulifurahia gari.

Ogutu aliendesha. Karibu na Johannesburg, Apondi alisema bila kugeuka: "Nilikuwa natafuta pia mtu wa nyuma. Wa kubeba, na kuhakikisha hakuna anayebaki njiani. Hiyo haitaki Ruwenzori. Ungeniambia hujui, ningekupa hiyo."

"Na sasa, mama?"

"Sasa mkono unauma, Papa Firmin. Usiniulize sasa."

Hakumuuliza tena. Wala Apondi hakumwita, ingawa asubuhi zilizofuata alimsalimia vizuri, mkono ukiwa kwenye bandeji, huku Firmin akimwaga maji kwenye kioo cha gari lake.

Asubuhi ya Jumatatu, Firmin alipishana na Denise mlangoni kama kawaida. Denise alimtazama usoni, akampisha apite kwanza. Ndani, Murielle alikuwa akivaa viatu vya shule.

"Papa, theluji ikoje?"

Ulimi ulimwasha. Angeweza kumpa mlima mzima. "Inateleza," akasema. "Na papa alishuka amekaa matako chini."

Mtoto akacheka, akaondoka na mama yake. Firmin akavua buti, akajivutia blanketi hadi kichwani, kama kwenye ile picha. Uongo wake ulianzia kwenye kioo cha gari Braamfontein, ukataka kumfikisha kwenye kazi ya mchana, ukaishia kwenye kijito kilichoganda, hata chai haijapoa. Kweli, njia ya mwongo ni fupi.