Sanduku la Bwana Pembatoni

Zama za Mwingereza, katika kisiwa cha Kilole, aliteremka melini mchuuzi wa stempu kutoka Ulaya, Bwana Pembatoni, suti nyeupe pe, mkononi kibali cha Gavana: auziwe stempu zote za posta.

"Zote?" aliuliza karani, Kombo Vitimbi. "Na kina mama hawa watawaandikiaje waume zao walioko mashamba ya mkonge?"

"Wapige kelele, watasikika. Lete!"

"Ngoja nikatafute ufunguo, Bwana." Kombo akatokea mlango wa nyuma, akakawia kweli kweli, ndipo akarudi kumuuzia sanduku zima.

Pembatoni akalibeba mpaka barazani, akauegemea ubao wa matangazo, akihema.

"Samahani, Bwana, hebu geuka usome."

Akageuka: MARUFUKU MGENI KUTOKA NA STEMPU MKONONI. ZIENDE KWA POSTA.

"Basi tuma!"

"Lipia kwa stempu."

"Zote zimo sandukuni!"

"Si uzitoe, uzibandike juu?"

Akalamba, akabandika. Kombo akapima. "Uzito uleule, Bwana. Tena umezidi kidogo, hayo mate. Ongeza."

Akalamba mpaka ulimi ukagoma. "Kwa mwendo huu sanduku litafika tupu!"

"Tupu, lakini limelipiwa!"

"Chukua takataka zako! Nipe pesa zangu!"

Kina mama wakapanga foleni kwa vigelegele. Pembatoni akatimua mbio kuelekea melini, na mgongoni mwa suti ile nyeupe kila mtu akasoma, kinyumenyume, MARUFUKU kwa rangi mbichi ya buluu.

Kombo alikuwa ananawa vidole.