Ushahidi wa Lubaba Mbele ya Amiri

Wamepokea waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Khurasani palikuwa na mjakazi aitwaye Lubaba, aliyelelewa ndani ya kasri tangu utotoni. Kazi yake ilikuwa kuwamiminia maji ya udhu wanawake wa nyumba ya ufalme, na kuwazalisha ilipofika saa yao. Alikuwa mcha Mungu, mchache wa maneno, naye alijua vyema kwamba katika kasri lile ulimi ulikuwa umeua watu wengi kuliko upanga.

Ikawa Amiri wa mji akafariki ghafla, akamwacha mkewe kijana, Bi Gulnari, akiwa mjamzito. Ndugu wa marehemu, jina lake Badrani, akakalia kiti kwa sharti la wakubwa wa mji kwamba mtoto akizaliwa mwanamume, ufalme utamrudia akishabaleghe. Gulnari akajifungua mtoto wa kiume. Chumbani hamkuwa na mtu ila Lubaba, maana wajakazi wengine walikuwa wamejificha kwa kuogopa hasira ya Badrani.

Ndipo waziri, Ibn Shadhani, alipomwita Lubaba faraghani akamwambia, "Utasimama mbele ya kadhi useme kwamba Gulnari alijifungua maiti, na huyu anayemlea aliletwa kwa siri kutoka nje. Ukisema hivyo utakuwa huru, nasi tutakusafirisha ukahiji."

Lubaba akainamisha kichwa. Kuhiji ilikuwa shauku yake tangu ujana. Na palikuwa na jambo jingine ambalo waziri alilijua fika: Gulnari, katika siku za fahari yake, alimsingizia Lubaba wizi wa pete, akampiga kwa kiatu mbele ya wajakazi wote. Pete ilipoonekana ndani ya mto wa kulalia wa Gulnari mwenyewe, hakumtaka radhi hata kwa neno moja.

"Bwana Waziri," akasema Lubaba, "nikifika mbele ya Nyumba ya Mola wangu kwa uongo huo, nitaomba nini?"

Waziri akatabasamu. "Chini ya ngome kuna shimo, Lubaba. Waliotiwa humo hawaombi chochote. Nenda kafikiri."

Akaenda, na nafsi yake ikaanza kumshawishi: huyu mwanamke alikudhulumu, nawe hukumkosea lolote, sema uliloambiwa, dhambi ni yao. Lakini kila alipokaribia kuridhika alimkumbuka yule mtoto, jinsi alivyokaa kimya alipotoka, hata akamwogopea, kisha akalia mikononi mwake. Alijua kwamba mtoto asiye na nasaba katika kasri lile hataachwa aone mwaka wa pili.

Siku ya baraza, Amiri Badrani akaketi kitini, na kadhi kuliani kwake. Gulnari alisimama kando na mtoto wake. Alipomwona Lubaba akiingia, akafumba macho, kwa kuwa alikumbuka aliyomtendea na hakutumaini kheri kwake.

Kadhi akauliza, "Ewe mama, mtoto huyu ni wa nani?"

"Ni wa Bi Gulnari na marehemu Amiri. Mimi nilimpokea, nikamkata kitovu, nikamwosha."

Waziri akaingilia, "Ee kadhi, mjakazi humtetea bibi yake kwa mapenzi. Ushahidi huu si kitu."

Kadhi akamgeukia Lubaba. "Wampenda bibi huyu?"

Lubaba akasema, "Simpendi, Bwana Kadhi. Alinivunjia heshima mbele ya watu, na mpaka leo moyo wangu haujapoa. Namwomba Mungu anisaidie katika hilo. Lakini mtoto ni wake."

Kadhi akasema, "Ushahidi wa mtu dhidi ya adui yake hutiliwa shaka. Huyu amemshuhudilia kwa kheri aliyemdhulumu. Mimi sina shaka naye. Nasaba ya mtoto imethibiti."

Badrani hakuthubutu kuipinga hukumu hadharani, lakini siku hiyohiyo Lubaba akatiwa shimoni. Gulnari akawa akimpelekea chakula kwa mkono wake mwenyewe, na mara ya kwanza aliinama kwenye tundu la mlango akilia, akasema, "Dada Lubaba, nisamehe."

"Nimekusamehe kwa ulimi, bibi yangu," akajibu. "Moyo unakuja nyuma. Niombee ufike."

Akakaa humo kwa subira hadi mtoto yule akaanza kusoma. Kisha Badrani akashikwa na maradhi mazito. Aliona sumu katika kila kikombe, akakataa maji hata kutoka mkononi mwa waziri wake. Midomo ilipopasuka kwa kiu akasema, "Mtoeni yule mjakazi. Aliyekataa kusema uongo kwa ajili yangu hatanitilia sumu."

Wakamleta, macho yakimuuma kwa mwanga. Akamnywesha maji taratibu, bila neno la lawama. Badrani akamuuliza, "Matabibu wanasema nitapona. Wewe wasemaje?"

"Nimewauguza wengi, bwana wangu, na dalili hizi nazijua. Sidhani utapona. Lakini aliyepewa nafasi ya kutubu hakunyimwa kitu."

Amiri akalia. Akawaita kadhi na wakubwa wa mji, akakiri mbele yao haki ya mtoto wa nduguye, akamkabidhi kwao, na akamwacha huru Lubaba. Alipofikwa na mauti, Lubaba ndiye aliyekuwa akimlowesha midomo na kumtamkisha shahada.

Ndugu zangu, kumsemea kweli umpendaye ni jambo jepesi, na wengi wetu huishia hapo tukajiona waadilifu. Tumwombe Mola atujaalie ndimi ambazo hata tunaowachukia watakuwa salama nazo.