Kesi ya Msitu wa Kindi

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizipata kwa kusikia tu, huko Uingereza palikuwa na msitu mdogo. Mbona mnacheka? Ndiyo, Uingereza! Mnadhani wanyama wenye maneno wako kwetu tu? Habari hii nimeipata kwa mbayuwayu, ambaye kila mwaka huenda huko na kurudi, na mbayuwayu hana sababu ya kunidanganya.

Msitu wenyewe ulikuwa mdogo hasa. Ukipiga chafya upande huu, wa upande wa pili anakujibu, "Afya!" Lakini maji ya kifuu bahari ya chungu. Kwa Kindi, msitu ule ulikuwa dunia nzima. Alizaliwa humo, juu ya mti mkubwa wa mwaloni, na mama yake alizaliwa humo humo. Kila asubuhi alifagia baraza lake pale juu ya tawi, akainua mkia wake mwekundu, akapaza sauti:

"Jamani, nani ana kwao kama kwetu?"

Jirani yake wa chini alikuwa Mzee Kalunguyeye, mwenye miiba mwili mzima na woga moyo mzima.

"Sema polepole, mwanangu," humwambia. "Wenye kijicho wana masikio."

Na kweli walikuwa nayo. Ng'ambo ya ua, kwenye malisho, aliishi Bwana Fahali. Shingo nene, kwato nzito, na sauti ya kutikisa vyungu jikoni kwa watu. Kazi yake ilikuwa moja, kula majani. Kichwa chini tangu asubuhi hadi jioni, nyamu, nyamu, nyamu! Baridi ikianza, mfugaji wake humfungia bandani na kumlisha nyasi kavu. Hamtoi tena mpaka joto lirudi. Shikeni hilo, wanangu, msiliachie.

Siku moja, joto lilipokuwa ndiyo kwanza limeingia, Fahali aliusukuma ule ua. Krrr! Pembe zikatokeza upande wa pili.

"Nani yumo humu?" akanguruma.

"Watu huanza na hodi," Kindi akamjibu kutoka juu.

"Nipige hodi kwenye mali yangu? Msitu huu aliupanda babu yangu. Nitaleta ng'ombe wenzangu wote. Tutalala kivulini, tutajikuna kwenye mashina, na hiyo miche midogo tutaikanyaga. Nyinyi hameni!"

"Babu yako alipanda miti? Kwa mkono gani?"

"Mwenye nguvu mpishe!" Fahali akapiga kwato chini. Du!

Kindi alijua, ng'ombe wakiingia mle hapatakuwa tena na mti mchanga utakaokua, na miti mizee ikianguka ndiyo basi, kwao kumekwisha. Alijificha nyuma ya jani akalia kidogo, asionekane. Kisha akapangusa macho, akarudi na uso mkavu.

"Haya, Bwana Fahali. Twende kwa kadhi."

Kadhi alikuwa Bundi, na makazi yake yalikuwa juu kwenye boriti za lile banda la Fahali. Walimkuta anasinzia; Mzee Kalunguyeye naye alikuwa amewafuata nyuma.

"Huu! Huu! Nani ananiamsha mchana?"

Wakaeleza. Bundi akazungusha kichwa chake chote mpaka mgongoni, akakirudisha.

"Kuna shahidi aliyeona msitu ukipandwa?"

"Hakuna," wakasema.

"Basi tutafuata sheria ya kitu kilichookotwa. Anayekidai azitaje sifa zake bila kukiangalia. Anayepatia, ni chake. Anayekosea, aondoke. Mko tayari?"

Fahali akatazama chini. Alikuwa jirani wa msitu ule miaka yote, lakini hajawahi kuutazama. Kindi akamwona anavyotazama kwato zake, na hapo hapo akapata shauri.

"Kadhi," akasema kwa adabu, "Bwana Fahali hajajiandaa. Mwache kwanza aje kututembelea, aangalie vizuri. Sitaki watu waseme nimemshinda kwa kumshtukiza."

"Hee!" Kalunguyeye akamnong'oneza. "Una wazimu, mwanangu? Unamfundisha adui?"

"Tulia, mzee wangu."

Kesho yake Fahali akaja kutembea. Kindi alijifunga kanga, akamtangulia kwa madaha. Akamwonyesha kila kitu, wala hakuficha, maana alikuwa anaona fahari hata kumwonyesha adui.

"Karibu, pita. Inamisha pembe hapo. Haya, tazama chini."

Chini palikuwa na maua ya buluu, telee, kama mtu ametandika shuka msitu mzima.

"Tazama na juu."

Juu majani mabichi yalikuwa yameshikana, na jua likipenya ni vitone tu. Hua alikuwa kwenye kiota anaatamia mayai, akawaitikia salamu kwa sauti ya chini, "Kuu, kuu."

"Maua ya buluu chini," Fahali akawa anakariri, "majani mabichi juu, hua anaatamia. Maua ya buluu chini, majani mabichi juu, hua anaatamia. Basi! Nimemaliza."

"Hutaki kurudi siku nyingine?"

"Nirudi kufanya nini? Msitu ni msitu!"

"Haya. Basi kesi tuisikilize kesho," akasema Kindi, huku akichambua njugu. "Ila nasikia majani ya kule karibu na mto yameanza kuwa matamu, na kesi za Kadhi Bundi huchukua kutwa nzima. Labda wenzako watakubakishia."

Fahali masikio yakamsimama. "Wanibakishie? Wale? Hapana! Kesi ingoje. Msitu hauna miguu."

"Hauna," Kindi akakubali. "Sema wewe basi, tuisikilize lini?"

"Majani yakiisha malishoni."

Akaenda mwenyewe kumwambia kadhi hivyo. Kadhi akakubali, akaamuru kuwa mpaka siku hiyo Fahali asivuke ua. Fahali akarudi kwenye kula. Nyamu, nyamu, nyamu!

Siku zikaenda. Upepo ukaanza kuwa na makali. Asubuhi moja Fahali yuko malishoni, kichwa chini kama kawaida yake, mara kitu cha manjano kikaja kinapepea, kikatua puani mwake. Pa!

"Kindi! We Kindi! Hiki nini?"

Kindi roho ikaruka. Lau Fahali angeinua macho pale pale, mambo yote yangeharibika.

"Aa! Nipe radhi, Bwana Fahali!" akapiga kelele kutoka juu ya ua. "Kitambaa changu cha jikoni hicho! Nilikianika, upepo umeninyang'anya!"

"Mbona kikavu hivi?"

"Nguo ikianikwa huwaje, Bwana wangu?"

Fahali akakitafuna. Kwacha! "Ptuu! Hata chumvi hakina." Akakitema, akarudi kwenye majani yake. Kindi akashuka kwenye ua, akarudi kwake mbio.

Baridi ikaingia kwelikweli. Mfugaji akamswaga Fahali bandani, akafunga mlango na dirisha, ga! Huko nje upepo ukafanya kazi yake. Na majani ya malishoni yalipokwisha, Bundi akaita kesi humo humo bandani.

"Mdai aanze. Mara ya mwisho uliingia msituni lini?"

"Leo asubuhi, Kadhi!" akajibu Fahali, kifua mbele. "Mtu haachi mali yake bila kuikagua."

Bundi akautazama mlango uliofungwa. "Taja sifa zake."

"Chini maua ya buluu, telee. Juu majani mabichi, jua halipiti. Hua anaatamia mayai. Nipeni msitu wangu!"

"Na wewe, Kindi?"

Kindi aliyepita upenyo wa ubaoni akarukia juu ya hori, akainua mkia.

"Msitu wangu leo hauna ua hata moja, Kadhi. Juu hauna jani hata moja. Yote yako chini, na ukiyakanyaga yanalia kwacha, kwacha. Hua alishalea wanawe wakaruka, kiota kimebaki kitupu. Ukisimama kwenye shina la mwaloni unaiona mbingu yote. Na hapo shinani, ndani ya lundo la majani makavu, amelala Mzee Kalunguyeye. Haamki mpaka joto lirudi, kwa hiyo ukienda kuangalia, tafadhali usimpigie kelele."

Fahali akacheka mpaka hori likatikisika. "Mbwahaha! Msitu bila majani! Jamani, baridi imemwingia Kindi kichwani!"

"Fungua dirisha," akasema Bundi.

Kindi akavuta komeo. Kwaa!

Fahali akainua kichwa, na ninavyoambiwa ilikuwa mara yake ya kwanza kukiinua kuutazama msitu wakati wa baridi. Ng'ambo ya malisho msitu ulikuwa umesimama matawi matupu, mweusi, umenyooka, na mbingu inaonekana katikati yake.

"Uchawi!" akapiga kelele. "Umekufa! Kindi ameuua msitu!"

"Haukufa. Umevua nguo, kama unavyovua kila mwaka, nawe umo humu unakula nyasi kavu," Kindi akamjibu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikukaribisha uutazame, ukasema msitu ni msitu. Na jani moja lilikuja lenyewe mpaka puani kukuambia. Ukalitema!"

"Njia ya mwongo fupi," akasema Bundi. "Mimi nalala juu ya kichwa chako kila siku, Fahali. Leo asubuhi ulitokea mlango gani kwenda msituni? Msitu ni wa Kindi na majirani zake. Na wewe kila ukipita pale utainua kichwa, na utapiga hodi."

Kindi alirudi mbio huku machozi ya furaha yanamtoka. Akapanda mpaka kilele cha mwaloni ule mtupu, akainua mkia wake mwekundu, na kwa vile hapakuwa na jani la kuuficha, nchi nzima ikauona.

"Jamani, nani ana kwao kama kwetu?"

Aliyejibu ni Kalunguyeye, kutoka ndani ya majani, usingizini. "Khooo!"

Joto liliporudi, Fahali akatolewa bandani. Akaja mpaka kwenye ua, akasimama.

"Hodi."

"Hodi kwa nani?"

"Hodi kwa Bi Kindi."

"Karibu, Bwana Fahali. Lakini usiinamishe kichwa. Taja kwanza, leo msitu wangu umevaa nini?"

Fahali akatazama. Akatazama tena, muda mrefu, hata majani akayasahau.

"Una... una vichipukizi. Vidogo. Bado havijawa kijani."

"Ehee!" akasema Kindi. "Pita basi, mgeni wangu."

Mwenye mali, wanangu, huijua mali yake hata ikiwa uchi.