Samaki wa Ragna Bado Hajawa Tayari

Ngano yangu iko jikoni!
— Ipakue tuile!
Ya moto hiyo!
— Tutaipuliza!

Basi kule Norwei, nchi ya baridi kali, palikuwa na panya jike aitwaye Ragna. Alikuwa na watoto saba na samaki mmoja mkubwa, mkavu, anayening'inia kichanjani. Huyo ndiye chakula chao cha miezi yote ya theluji. Wakimkosa, wanakufa njaa.

Siku moja, tii, tii, tii! Akaja Dubu, mlafi asiye na haya.

"Samaki huyu ni wangu. Ukikataa, nawala wanao."

"Karibu, Mzee wangu," akasema Ragna, akamshusha samaki.

Dubu akang'ata. Ka! Jino likalegea.

"Ubao huu!"

"Ni samaki, Mzee, ila bado. Lazima alowe siku saba."

Siku saba zikapita. Tii, tii, tii!

"Tayari?"

"Bado, Mzee. Sasa yumo kwenye maji ya majivu."

"Majivu ya jikoni? Ya kula?"

Dubu akachovya ulimi. Chwaa! Ukaungua kwa ukali wa majivu.

"Mmemkausha, mkamlowesha, mkamtia majivu! Sielewi!"

"Hata mimi sielewi, Mzee. Ndivyo alivyopika bibi yangu."

Msinitazame hivyo. Mimi nimewauliza wenyeji wa huko mara tatu, wakanicheka tu.

Siku nne zikapita. Tii... tii... tii.

"Tayari?"

"Bado, Mzee. Analowa tena, majivu yatoke."

"Si mngeacha kuyatia?"

Dubu akashika kichwa, akapiga mwayo. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka, na dubu wa kule theluji ikianguka hulala mpaka iyeyuke.

"Akiiva, niamshe."

"Nitakuamsha, Mzee wangu."

Dubu akalala. Khoooor!

Ragna akapika. Samaki akawa laini, anatikisika sahanini, tiki tiki tiki. Watoto saba wakala kidogo kidogo na viazi mpaka baridi ikaisha, na hakuna aliyekufa.

Theluji ikayeyuka. Dubu akaja, amekonda, ngozi inamning'inia.

"Tayari?"

Ragna akaonyesha kichanjani. Samaki mwingine, mbichi, alikuwa anadondosha maji, to, to, to.

"Bado, Mzee. Ndiyo kwanza anakauka."

Dubu akaketi chini. "Lakini... si alikuwa mkavu?" Akalia kama mtoto.

Funzo, wanangu: mgeni akija, mpakulie upesi, kama Ragna.

Sufuria yangu tupu. Mmeshiba?
— Tumeshiba, ila hatujaelewa!
Hata mimi.