Pimbi, Kiboko na Pasi za Msimu Mzima

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa na nini?

Na uwanja, na mpira, na mwenye njaa.

Basi kaeni vizuri. Tunu, sogea, umemkalia mwenzio mguu.

Hapo kale wanyama walikuwa na chuo, na chuo kilikuwa na timu. Mchezo wao ulikuwa wa mikono: huyu anarusha, yule anadaka, akishadaka anakimbia mpaka mstari wa mwisho, bao. Walinzi wa timu, wenye kazi ya kuzuia pasi za wageni, walikuwa wawili. Upande wa kulia alisimama Kiboko, mkubwa, mwenye nguvu, na mlafi kupindukia. Upande wa kushoto alisimama Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, anayefanana na sungura aliyekatwa masikio.

Mwalimu wa timu, Korongo, aliwaambia mapema. Msimu ukiisha atapima nani kazuia pasi vizuri zaidi. Aliye bora atapewa shamba la matikiti la chuo, ale mpaka achoke. Atakayeshindwa atafyeka nyasi za uwanja kwa meno kiangazi chote. Pimbi akautazama uwanja, akavikumbuka vijino vyake. Uwanja ule ungemmaliza.

Kwa mbio, hana miguu. Kwa kudaka, hana mikono. Lakini chuo kilikuwa na desturi: kabla ya mchezo, wenyeji huwapa wageni mkono na kuwauliza habari za safari. Na kwa kuwa uwanja ulikuwa mmoja tu nchi nzima, Pimbi alikuwa mwenyeji siku zote. Wakaja Swala. Pimbi akawapa mkono, akawapa pole ya safari, kisha akanong'ona kwa huruma.

"Ndugu zangu, upande wangu una siafu. Mimi nimeshazoea."

Akajikuna. Kwaru, kwaru.

Swala hawakurusha hata pasi moja upande wa Pimbi. Walirusha upande wa Kiboko. Vuuu, mpira ukaja. Ti, ti, ti, Kiboko akaufuata. Mara mojamoja akaudaka, pu. Mara nyingi ukampita. Wakaja Nyumbu: mkono, pole, siafu, kwaru kwaru. Vuuu, ti ti ti, ukampita. Wakaja Pundamilia: mkono, pole, siafu, kwaru kwaru. Vuuu, ti ti ti, pu, huo akaudaka, tusimwonee. Pimbi alisinzia nyasini msimu mzima, na raha aliyoipata hata mimi naionea wivu.

Siku ya kupima ikafika. Wanyama wote wakakaa kando ya shamba la matikiti. Kiboko akasimama wa kwanza, akasema yeye amedaka mipira na kila mtu ameona, na Pimbi hajadaka hata mmoja, kwa hiyo hapana cha kujadili. Na ilikuwa kweli tupu. Korongo akaanza kukubali kwa kichwa. Pimbi akaziona nyasi zile zikimngoja.

Akaomba ruhusa ya kusema.

"Mwalimu, mwenzangu kafanya kazi kubwa. Kwa kila pasi iliyorushwa upande wake, mwekee tikiti moja hapa mbele, tuione kazi yake. Alizodaka na asizodaka, zote."

Kiboko aliposikia tikiti, akili ikahamia tumboni. Akaanza kukumbuka. Ile ya Swala iliyopita juu ya sikio? Kwangu hiyo, weka. Ile ya Nyumbu, nilipoteleza? Kwangu, weka. Ile nyingine ya Nyumbu, nilipokuwa napiga miayo? Kwangu, weka. Lundo likapanda mpaka likamfika kidevuni, na mate yakimchuruzika.

"Sasa yatoe yale ya pasi ulizodaka," Pimbi akasema taratibu.

Kiboko akayatoa. Lundo halikushtuka.

Korongo akanyoosha shingo. "Na haya mengine yote?"

"Hizo zilinipita, mwalimu," akasema Kiboko. "Lakini ni zangu."

Wanyama wakageukia upande wa Pimbi. Hapakuwa na tikiti hata moja. Korongo akafikiri kwa muda mrefu, kama wafanyavyo wasomi, akaamua kwamba mlinzi ambaye adui hathubutu hata kumrushia, huyo ndiye mlinzi. Shamba likawa la Pimbi.

Kiboko aliumia sana. Alilia, na chozi la kiboko si dogo. Akaingia uwanjani kufyeka kwa meno yake. Kwacha, kwacha. Kumbe nyasi ni tamu. Kwacha, kwacha, machozi yakakauka, tumbo likatulia, mpaka akafika upande wa kushoto. Hapo akasita, maana na yeye alikuwa amezisikia habari za siafu. Akaweka mguu mmoja. Kimya. Akaweka wa pili. Kimya. Akainua kichwa.

"Pimbi, siafu wako wapi?"

Pimbi alikuwa amejilaza kwenye tikiti, mdomo mwekundu, mbegu kidevuni. Akameza kwanza.

"Wamehama, ndugu yangu. Si msimu umekwisha?"

Kiboko akafikiri, akawatakia siafu safari njema, akaendelea kula.

Hadithi yangu imelala hapo, na mimi nataka kulala. Funzo lake, watoto, mlishike: anayetaka kushinda awe kama Pimbi, akimbie sana, atoke jasho, na asiseme uongo hata kidogo. Tunu, unacheka nini?