Matangazo Kabla ya Mdahalo

Zamani, wanangu, zamani ile wanyama walipokuwa wakivaa kofia za Jumapili, kijijini kwao kulikuwa na kanisa la wastani. Mahubiri mafupi, matangazo marefu. Na hayo matangazo ndiyo yaliyokiendesha kijiji: nani anaumwa, nani kafiwa, zamu ya nani kusafisha kisima.

Basi Tembo akafungua kanisa lake lenye spika kubwa, akasema wale wa zamani ni vuguvugu, mbinguni hawaendi. Kiboko naye akasema dini zote ni porojo, Jumapili njooni tulale matopeni. Nusu ya kijiji ikaenda kwa Tembo, nusu kwa Kiboko, na kanisani akabaki Pimbi na wanawe. Salamu zenyewe zikakoma.

Ndipo daraja la shule likavunjika, kacha! Watoto wakawa wanavuka kwa kurukia mawe. Kitinda mimba wa Pimbi akateleza, nusura achukuliwe na maji. Pimbi alilia, akafuta machozi, akaenda kwa Tembo.

"Mchungaji, Kiboko anasema kwa hoja humuwezi."

"Mimi? Mlete hapa."

Pimbi akateremka matopeni. "Mzee Kiboko, Tembo anasema ukibanwa kwa hoja unazama."

"Nizame? Wapi, lini?"

"Jumapili, kanisa la zamani. Si kwake, si kwako."

Jumapili wanyama walijaa mpaka madirishani. Pimbi akapanda juu ya kiti.

"Kabla ya mdahalo, matangazo kidogo."

Nani angekataa? Wote walikuwa wamelelewa na matangazo.

"Mama Digidigi kajifungua, hana kuni."

"Mbona sikuambiwa?" Tembo akauliza, na aibu ikamshika kwelikweli.

"Daraja la shule limevunjika. Mwanangu nusura afe maji. Anayeweza kubeba magogo ajitokeze."

Mkonga wa Tembo ukainuka polepole.

Kiboko hakupenda kupitwa. "Na nguzo atazishika nani majini? Si mimi?"

"Asante, mzee. Tangazo la mwisho: mdahalo umeahirishwa, wasemaji wote wawili wana kazi darajani."

Kanisa zima likaangua kicheko. Tembo mwenyewe alicheka, kwa, kwa, kwa, mpaka masikio yakampigapiga. Wakatoka pamoja na mashoka yao, na jioni kitinda mimba wa Pimbi akavuka kwa miguu mikavu.

Jirani usiyekutana naye, wanangu, shida yake hutaijua.