Matusi Yaliyovuka Mto

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Ila wewe Kadeghe usinikalie kwenye khanga. Nikisema "Ilikuwa!" mniitikie "Ikawa!" Asiyeitikia, kisa kitampita kiende kwa jirani.

Ilikuwa!

Ikawa!

Ilikuwa zamani, zamani ambayo hata nyanya yake nyanya yangu aliisimuliwa tu, misitu ya milima hii ikishuka hadi mtoni. Upande huu wa mto Mkomba walikaa watu wa Kisangeni, wafinyanzi wa vyungu, ndio sisi. Upande wa pili walikaa watu wa Mbaghai, wafua chuma. Sisi tuliwapa vyungu, wao walitupa majembe. Na tulikuwa watani. Utani wenyewe, si huu wenu wa kuchekana viatu! Mtani aliweza kukutukana mbele ya wakwe zako na usinune. Mtani ndiye aliyekuchimbia kaburi, na ukishalazwa humo akasimama juu yako kueleza uchoyo wako, mpaka waliokuwa wakilia wakacheka.

Kisangeni nzima hapakuwa na mdomo kama wa Nakiete. Mwanamke mfupi, mjane, fundi wa vyungu, na sauti yake ilisikika hadi mlima wa pili. Mtani wake mkubwa alikuwa Senkondo, mwenye tanuri la Mbaghai. Wakikutana hao wawili, watu waliacha kazi wakaja kusikiliza. Na Nakiete alimpenda mzee yule kama ndugu wa tumbo moja, ingawa angekatwa kidole kabla ya kumwambia hivyo.

Basi, mwaka mmoja, ndui ikaingia Mbaghai. Hamuijui ndui, na mshukuru Mungu. Ilianza na homa na mgongo kuuma, kisha vipele vikajaa mwili mzima, usoni, mdomoni, hadi kwenye nyayo. Nani kaileta? Hapo ndipo watu walipofungua midomo. Huyu akasema ni wageni waliokuja kununua majembe. Yule akasema ni uchawi. Mwingine akasema wafua chuma wameudhi mizimu. Kila mmoja alitafuta mtu wa kumtwika, maana kuogopa bila kujua unamwogopa nani ni kazi ngumu.

Lakini sikilizeni walichofanya watu wa Mbaghai, mjue watani wenu ni watu gani. Senkondo alishuka hadi ukingoni, akasimama upande wake, akaita:

"Watu wa Kisangeni! Msivuke! Na sisi hatuvuki. Mwenye homa tumemtenga, na atakayepona atakaa hadi gamba la mwisho lidondoke. Ugonjwa huu umetukuta, nasi tutaumaliza hapa hapa."

Nani kawalazimisha? Hakuna. Walijifunga wenyewe ili sisi tupone. Ilikuwa!

Ikawa!

Nasi hatukuwa watu wa kukaa tu. Katikati ya mto palikuwa na jiwe kubwa, bapa. Kila asubuhi tuliweka pale chakula, tukarudi nyuma, nao wakaja kukichukua. Hapo sote tulitenda kama watu wazima. Kosa letu lilikuja baadaye, na lilikuja limevaa adabu.

Mzee Msuya, aliyekuwa mkubwa wa Kisangeni, aliita watu akasema, "Wenzetu wako msibani. Kuanzia leo sitaki kusikia utani. Tuzungumze nao kwa heshima." Wote wakakubali. Hata Nakiete alikubali, akaufunga mdomo wake.

Kuanzia siku hiyo ilikuwa, "Poleni sana, wazee wetu. Chakula hiki hapa, mkipenda." Na kutoka ng'ambo, "Ahsanteni sana. Mungu awazidishie." Kwa upole, kwa sauti ya chini, kama watu wasiojuana. Siku zikapita hivyo. Mke wa Senkondo akafa, akazikwa na watu wake mwenyewe, bila mtani. Senkondo naye akashikwa na homa. Na kutoka huku tukasema, "Poleni sana, wazee wetu."

Asubuhi moja zamu ya kupeleka chakula ikamwangukia Nakiete. Aliweka chungu cha uji na kapu la viazi juu ya jiwe, akarudi ukingoni kusubiri. Akaja Mrutu, mpwa wake Senkondo, kijana mwenye mabega ya kupiga nyundo. Hakugusa kitu. Nyuma yake, kwenye njia ya kijiji, Nakiete aliona watu wakifunga mizigo.

"Mwanangu, mnakwenda wapi?"

"Tunavuka, mama. Kesho asubuhi. Tunapita kwenu, tunaendelea mbele, kila mtu na ndugu zake."

"Na wagonjwa?"

"Tunawabeba."

"Lakini mjomba wako alisema..."

"Mjomba ndiye aliyetushikilia hapa kwa ajili yenu. Sasa hali, hanywi, amegeukia ukutani. Alituambia jana, 'Watani hawanitukani tena. Mke wangu amekufa na hakuna aliyekuja hata ukingoni kumsema. Wametuzika tukiwa hai.' Sasa mama, mtu aliyekwisha kuzikwa atamlinda nani?" Kisha akainamisha kichwa kwa adabu. "Utusamehe kama tumekukosea."

Adabu ile, wajukuu zangu, ilimuuma Nakiete kuliko kofi.

Habari ilifika kijijini kabla yake. Alipopanda mteremko alikuta wanaume wameshika pinde, na Mzee Msuya akisema kwa huzuni, "Atakayetia mguu majini, tumpige. Tuna watoto." Fikirini! Watu waliozikana miaka na miaka, sasa wanapimana kwa mishale.

Nakiete hakusimama kujadili. Aligeuka akashuka tena, mbio, huku Mzee Msuya akimwita nyuma. Alipanda kwenye mwamba wa ukingoni, akajishika kiuno, akapaza sauti ile yake.

"Senkondo! We Senkondo, mzee mvivu! Watu wanaugua, wewe umepata kisingizio cha kulala mchana!"

"Nakiete!" Mzee Msuya alifika akihema. "Huna haya? Watu wanakufa, wewe unatukana?"

"Nimekuwa na haya kwa muda mrefu mno, mzee, ndiyo maana wanakufa." Akageukia mto. "Senkondo! Nasikia unakataa uji! Tangu lini? Wewe uliyemaliza jogoo wa matanga ya mume wangu peke yako, ukalamba na chungu? Jembe ulilonifulia limekatika palizi ya kwanza, nataka jingine! Na usithubutu kufa! Maneno ya kukusema kaburini bado sijayamaliza, uchoyo wako peke yake unataka siku nzima!"

Ng'ambo watu walikuwa wameacha mizigo, wamesimama. Nakiete machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini sauti haikutetemeka. Alimtaja sasa marehemu, mke wa Senkondo. Alisema jinsi alivyokuwa akipunguza chumvi kwenye mboga na kuongeza kwenye maneno, jinsi alivyoazima ungo akaurudisha baada ya mavuno mawili, jinsi alivyocheza ngoma akaanguka na kusema ni ardhi iliyoteleza. Alimsema kama mtani anavyopaswa kumsema maiti wake. Kutoka ng'ambo mtu mmoja akaanza kulia kwa sauti. Mwingine akacheka huku akilia.

Bado Senkondo hakujibu. Nakiete akaendelea. Jua likapanda, akaendelea.

Hatimaye mlango wa kibanda cha wagonjwa, pale karibu na ukingo wa ng'ambo, ukafunguka, na sauti ikatoka, nyembamba, iliyochoka, lakini ya Senkondo mwenyewe:

"Nakiete! Vyungu vyako vinavuja! Uji unafika nusu!"

Hoi! Hoi! Mto mzima ulicheka! Wanaume wa Kisangeni walitupa pinde chini. Mrutu akaingia majini hadi kwenye jiwe, akachukua uji, akapiga kelele, "Kesho leteni na mboga, wafinyanzi wachoyo!" Na mizigo ikafunguliwa.

Ilikuwa!

Ikawa!

Tangu hapo kila asubuhi ilikuwa matusi na uji, matusi na uji. Mzee Msuya naye alitukana, vibaya kwelikweli, hakuwa na kipaji, lakini alitukana. Wengi walikufa, sitawadanganya. Wengi pia waliishi. Na ndui haikuvuka mto Mkomba.

Gamba la mwisho lilipodondoka, na Senkondo akatangaza kwamba zimepita siku za kutosha, watu wa Mbaghai wakavuka. Tulipika. Tulichinja. Senkondo akaja mbele. Uso wake ulikuwa mashimo matupu, na jicho moja limekwisha. Watu walirudi nyuma hatua kidogo, bila kukusudia. Mtu mmoja mwema akasema, "Karibu, mzee. Tumekutengea mahali pako pale." Pembeni, peke yake, na bakuli lake peke yake.

Senkondo akaenda akaketi. Akamega ugali, akauchovya. Macho yote yakamgeukia Nakiete, waone mdomo ule utasema nini.

Nakiete aliogopa, wajukuu zangu. Alimwogopa mzee aliyempenda. Kutukana toka ng'ambo ya mto ni jambo moja, na huu sasa ulikuwa uso, karibu yake, mchana kweupe.

Akatembea hadi pale, akapiga magoti mbele ya Senkondo, akanyakua tonge lile kutoka mkononi mwake, akalitia kinywani, akatafuna.

"Mzee wa hovyo," akasema kwa mdomo uliojaa. "Wamekupa paja, mimi wamenipa shingo."

Senkondo alimtazama kwa lile jicho moja. Midomo yake ilicheza. Kisha akalia, akalia waziwazi kama mtoto, huku akipiga ukelele: "Mwizi! Jamani, Kisangeni wamezaa mwizi! Mshikeni!"

Mzee Msuya akaja akatia mkono wake bakulini. Akaja Mrutu. Akaja mwingine na mwingine, wa huku na wa kule, mpaka nyama ikaisha na Senkondo akawa anagombania mfupa.

Hao ndio watu wenu, wa pande zote mbili za mto, maana mtani ni ndugu. Mtakapoulizwa mmetoka wapi, msiseme kwa sauti ya chini. Semeni mmetoka kwa waliojifunga wenyewe ili jirani apone, na kwa mwanamke aliyewatukana hadi wakaishi. Na mwenzenu akiugua, mkae mbali naye inapobidi, lakini msimfanye mgeni. Mwiteni kwa jina lake, kwa sauti ile ile mliyomzoea.

Nimeutua mzigo wa kichwani. Anayeutaka ajitwike aende nao, asiyeutaka asiukanyage.